MRI (picha kwa sumaku) ya ubongo kwa mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka: hatua ninazofuata

Juzi mwenzangu alinipigia simu akiwa zamu ya usiku: mgonjwa wa kisukari amelegea upande wa kulia, wanashuku kiharusi, kipimo cha sukari kinasoma 1.9 mmol/L. Nilimweleza hivi.

1. Sukari kwanza, picha baadaye. Chini ya 3.0 mmol/L (54 mg/dL) usisogeze hata kitanda. Sukari ikishuka huigiza kiharusi. Wapo wanaonyanyua mkono wenyewe dripu ya dekstrosi (maji ya sukari) ikiwa bado inaingia.

2. Pampu ya insulini ibaki nje ya chumba cha sumaku. Kihisi cha sukari kilichobandikwa mwilini kibanduliwe, isipokuwa mtengenezaji amekiruhusu kwenye sumaku. Glukomita (kipimo cha sukari cha kidoleni) nayo haiingii.

3. Mrija wa dripu. Hapa ndipo niliwahi kupoteza nusu usiku. Pampu ya dripu ilibaki nje ya chumba, nikaunga mrija mrefu nilioujaza salaini (maji ya chumvi, hayana sukari), kama kawaida yangu. Mgonjwa aliingia na 4.8, akatoka jasho likimtiririka, 2.7. Nikailaumu pampu, nikaibadilisha, kumbe kosa ni hesabu. Mrija wenye upenyo wa milimita 3 hubeba takriban mililita 7 kwa kila mita. Mita 5 ni mililita 35. Kwa kasi ya mililita 100 kwa saa, mgonjwa anapokea salaini tupu kwa dakika 21!

Kwa hiyo jaza mrija kwa dekstrosi ileile ya asilimia 10. Mimi hutumia mrija mwembamba wa milimita 1, haufiki mililita 1 kwa mita. Ubaya wake, shinikizo hupanda na pampu hulia kana kwamba kanula (kijirija kilicho ndani ya mshipa) imeziba, kwa hiyo hakikisha kanula inapitisha vizuri kabla hujagusa kikomo cha kengele. Kila dakika 15 mtoe, mpime. Ndiyo, picha zitachelewa.

4. Anza na difyusheni (picha ya mwendo wa maji kwenye tishu), b 0 na 1000 (nguvu ya kipimo hicho), kisha FLAIR (picha inayofifisha maji yanayozunguka ubongo). Wanaoanza na T1 (picha ya umbo la ubongo) siwaelewi. Mgonjwa anayetapatapa huenda asikupe nafasi ya pili.

5. Panapong'aa kwenye difyusheni, tazama ramani ya ADC (inayoonyesha kiasi halisi cha mwendo wa maji): pasipokuwa peusi hapo, huenda ni mng'ao wa T2 tu, yaani ung'aavu usiotokana na maji kuzuiwa kusonga. Angalia gamba la ubongo na hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu). Thalamasi (kiini kilicho katikati ya ubongo) kwa kawaida husalimika, tofauti na ubongo uliokosa oksijeni. Doa la sehemu ya nyuma ya kopasi kalosamu (daraja linalounganisha pande mbili za ubongo) peke yake linaweza kufutika kabisa, basi usiwatishe ndugu zake.

6. Kwenye fomu andika sukari ilikuwa ngapi, saa ngapi. Msomaji wa picha asipoambiwa, ataandika kiharusi.