Jinsi ya kuandaa makadirio ya ujenzi ambayo mwenzako anaweza kuyakagua

Wakuu, somo hili ni kwa wakadiriaji wa gharama wanaofanya kazi pamoja ofisini. Lengo ni makadirio ambayo mwenzako anaweza kuyafungua wewe ukiwa haupo, akafuata kila namba mpaka ilikotoka. Ofisi nyingi humsifu mkadiriaji kwa kasi. Kasi inahitajika, lakini ukifuatilia zabuni iliyoleta hasara, mara nyingi utakuta namba ambayo hakuna anayejua iliingiaje.

Hatua ya 1: Sajili michoro kabla ya kupima

Andika namba ya kila mchoro, toleo lake na tarehe ulipoupokea. Michoro ya msanifu na ya mhandisi ikipingana, kwa mfano ukuta mmoja una mm 200 huku na mm 150 kule, usichague kimya kimya. Uliza kwa maandishi kabla muda wa maswali haujafungwa, na wakati ukisubiri jibu andika umechukulia nini. Marekebisho ya zabuni yakitoka, rudi kwenye orodha hii kwanza. Bila orodha, nguzo zitapimwa kwa toleo A na boriti kwa toleo B, na hakuna atakayegundua.

Hatua ya 2: Pima kwa mpangilio uleule kila mara

Urefu, upana, kina. Usibadilishe mfuatano huo hata siku moja. Kila mstari wa vipimo uonyeshe mahali: mhimili (mstari wa gridi kwenye mchoro) A hadi C, ghorofa ya kwanza. Paka rangi sehemu uliyokwisha kupima kwenye mchoro.

Tuseme slabu (sakafu ya zege) ina m 12.00 × 8.00 × 0.15, na ndani yake kuna uwazi wa ngazi wa m 2.40 × 1.20. Usiandike 13.97 peke yake. Andika 14.40, chini yake toa 0.43, halafu 13.97. Mkaguzi ataona papo hapo kwamba uwazi umetolewa. Akiikuta 13.97 tupu, itabidi apime upya.

Vipimo viwe halisi, kama mchoro unavyosema. Upotevu wa vifaa unaingia kwenye bei ya kipengele. Aliyepima akiongeza 5% na anayepanga bei naye akaongeza 5%, umeshabeba 10.25% na umejitoa kwenye ushindani bila kujua.

Hatua ya 3: Jenga bei kutoka chini

Chukua zege la 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4). Mita moja ya ujazo ya zege lililoshindiliwa inahitaji takriban mita 1.54 za ujazo za vifaa vikavu, kwa sababu mchanga hujaza nafasi kati ya kokoto na saruji hujaza nafasi kati ya mchanga. Gawa kwa 7 (1+2+4) upate 0.22 ya saruji, 0.44 ya mchanga na 0.88 ya kokoto. Saruji 0.22 × kilo 1,440 (uzito wa mita moja ya ujazo ya saruji) ni kilo 317, yaani mifuko 6.3 ya kilo 50. Weka upotevu wa 5%, inafika takriban 6.7. Ndipo uongeze vibarua, mashine ya kuchanganyia, vaibreta (mashine ya kushindilia zege) na kumwagilia zege maji. Fomu (mbao za kushikilia zege mpaka ligande) na nondo zina vipengele vyake, usizichanganye humu.

Nondo: kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ya mm 12 ni 0.89, ya mm 16 ni 1.58. Mapishano (pale nondo mbili zinapopandiana) yahesabiwe kama mhandisi alivyoelekeza. Yakisahaulika, upungufu unaonekana nondo zikishafika saiti.

Udongo ndio unaoumiza wengi. Mfinyanzi ukichimbwa huvimba, mara nyingi kwa karibu 30%. Shimo la mita 100 za ujazo linatoa mzigo wa kama 130, kwa hiyo lori la mita 10 litakwenda safari 13.

Hatua ya 4: Kotesheni za wakandarasi wadogo

Ziweke kwenye jedwali moja, kipengele kwa kipengele. Ya chini kabisa mara nyingi imeacha kitu: jukwaa la kufanyia kazi, upimaji wa mfumo baada ya kufunga, au kushusha mzigo. Mpigie, muulize, andika alichojibu na tarehe.

Bei ya mmoja usimtajie mwingine ili ashuke. Hapa sina msimamo wa kati. Ukifanya hivyo, safari ijayo wote watakupa bei iliyonenepeshwa wakisubiri mnada wako, na jedwali lako halitakuwa na maana.

Hatua ya 5: Mtu wa pili akague

Mkaguzi aanze na mistari yenye pesa nyingi zaidi, halafu apime uwiano. Slabu ya m 0.15 inapaswa kuwa na karibu m² 6.67 za fomu ya chini kwa kila m³ ya zege. Ile ya Hatua ya 2 ina m² 93.12 kwa 13.97, inakubali. Nondo kwenye slabu na boriti za kawaida mara nyingi huwa kati ya kilo 80 na 150 kwa m³. Ukikuta 400, huenda mtu ameingiza mita mahali pa kilo.

Anayekagua aweke alama tu, asirekebishe mwenyewe. Mwenye kazi ndiye arekebishe na kutia sahihi. Na kijana aliyeanza kazi juzi awe na haki ya kusimamisha hesabu ya mkubwa wake mpaka ielezwe.

Hatua ya 6: Kikao cha bei

Mkadiriaji analeta gharama. Uongozi unaamua bei. Mistari hii miwili isichanganyike. Angalia pia neno "faida 10%". Gharama 100 ukiongeza 10% unauza 110, na faida ndani ya mauzo ni 9.1% tu. Uongozi ukitaka 10% ya mauzo, gawa gharama kwa 0.9, upate 111.11.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, bosi anataka nipunguze nondo kwa 5% ili tushinde zabuni. Nikatae vipi bila kugombana?

Jibu: Mpe njia nyingine. Mwambie, "Vipimo tuviache, punguzo tuliweke kwenye mstari wake chini ya jumla." Kiasi ni kilekile, ila anayejenga ataagiza nondo za kutosha, na kila mtu atajua punguzo liliamuliwa na nani.

Swali: Mwalimu, tunapima kwa programu juu ya PDF. Bado kuna haja ya haya yote?

Jibu: Ipo. Kosa la skeli (uwiano wa mchoro na kipimo halisi) la 2% kwenye urefu linakuwa karibu 4% kwenye eneo. Sawazisha skeli kila ukurasa, kwa mlalo na kwa wima, maana mchoro uliopigwa skani unaweza kuvutika upande mmoja. Kipimo kilichoandikwa kikitofautiana na ulichopima, fuata kilichoandikwa, kisha uliza.

Swali: Kotesheni ya umeme imeingia saa moja kabla ya zabuni kufungwa, iko chini sana. Niitumie?

Jibu: Piga simu umsomee vipengele vyote. Akithibitisha kwa maandishi, badilisha mstari huo mmoja na mwenzako akague jumla mpya. Asipothibitisha, baki na ya zamani.