Roboti ya mapambano: anza na ampea za mota iliyokwama

Ukipita Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, kutafuta mota za magurudumu, usitosheke na volti za kwenye kibandiko. Uliza inakula ampea ngapi ikikwama, maana roboti ikibanwa ukutani mota husimama huku umeme ukizidi kumiminika. Muuzaji hajui? Gawanya volti za betri kwa omu (ukinzani) za mota: 12 kwa 0.5 ni ampea 24. Kidhibiti mwendo cha kila mota kihimili hizo. Betri ya lithiamu ya Ah 1.3 (ujazo wake) yenye 25C hutoa takriban ampea 32, yaani Ah mara C. Mota mbili zikikwama pamoja, haitoshi. Chukua ya 45C au zaidi, kwani namba hizo za C mara nyingi hutiwa chumvi. Mimi hupendelea mota za drili kuukuu za betri: huja na giaboksi yake.