Kabla vuli haijaanza: jiandae na magugu bila dawa

Mtu akiniuliza apalilie lini bustani yake ya mboga, mimi naye namrudishia swali: hayo magugu yako yanaota kwa mbegu au kwa mizizi? Wengi hawajawahi kuangalia. Huku Pwani muda mzuri wa kuangalia ni Agosti na Septemba, vuli ya Oktoba haijafika, udongo mkavu, na matuta hayana kitu cha kuharibu.

Chukua uma wa bustani, ng'oa magugu ya aina mbili tatu, kung'uta udongo, tazama chini. Kishona nguo kinatoka na mizizi yake yote na hakirudi palepale. Kinachorudi ni mbegu, zile sindano nyeusi zinazonasa kwenye suruali. Mchicha pori ni hivyo hivyo. Haya ni magugu mepesi, ukiyawahi kabla hayajatoa maua umeyaweza.

Ndago ni habari nyingine. Ukivuta majani yanakukatikia mkononi. Chimba taratibu uone: chini ya shina kuna kijitunguu, kutoka hapo unatoka uzi mwembamba, mgumu kama waya, unakwenda pembeni mpaka kwenye kiazi cheusi kinacholingana na punje ya karanga. Kutoka hapo uzi mwingine, na kiazi kingine. Viazi hivyo vikiwa vimeshikana, vingi vinalala tu. Ukiukata mnyororo, vilivyolala vinaamka, kila kimoja kinachipua kivyake.

Nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na ndago kona moja, eneo la ukubwa wa mkeka, nikakodi pawatila ipite mara mbili bustani nzima ili niimalize. Udongo ukawa laini kama unga, nikafurahi. Mvua iliponyesha, ndago ilichipua kila mahali pawatila ilipopita, hadi kwenye tuta la nyanya upande wa pili.

Kwa hiyo, kama una ndago au ukoka, maandalizi yako ni jua. Inua mabonge ya udongo yakiwa mazima wakati huu wa kiangazi, yalaze juu, yageuze kila baada ya siku chache kwa wiki mbili au zaidi. Viazi vya ndago vinakufa kwa kukauka, kuvikatakata ni kuvizidisha. Ulivyookota usivitupe kwenye shimo la mboji. Mvua ikishaanza, kila inayochipua ing'oe ndani ya wiki mbili au tatu, kabla haijatengeneza viazi vipya. Msimu mmoja hautoshi, nakwambia mapema usije ukakata tamaa. Na kwa kuwa ndago haipendi kivuli, eneo hilo lipe matembele au maboga yalifunike. Usipeleke vitunguu huko.

Vitunguu vyenyewe vifikirie kabla ya kununua mbegu. Majani yake ni membamba, hayafuniki ardhi, na vinakua polepole, kwa hiyo palizi inaweza kukudai miezi miwili ya kwanza. Kama nyumbani hakuna wa kuifanya kazi hiyo, anza na tuta moja.

Kwa magugu ya mbegu kuna ujanja wa kuyadanganya. Tengeneza tuta wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, limwagilie kana kwamba umeshapanda, kisha uache. Magugu yataota. Yakiwa na majani mawili matatu, yaparue juu juu, sentimita 2 au 3 tu, ndipo upande. Ukichimba chini zaidi unaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimezikwa, na kazi yako imerudi mwanzo.

Samadi nayo ichunguzwe. Mbuzi na ng'ombe wanakula magugu yenye mbegu, na nyingi zinapita tumboni salama. Samadi mbichi ukiimwaga kwenye tuta ni sawa na kupanda magugu kwa mkono wako. Irundike, ilowe kiasi, uigeuze, ipate moto. Mbegu nyingi zinakufa rundo likikaa siku kadhaa kwenye nyuzi 55 hadi 60. Asiye na kipimajoto achomeke fimbo katikati ya rundo, aichomoe baada ya robo saa na kuishika: ikiwa ya baridi au vuguvugu, rundo halina moto wa kuua mbegu.

Matandazo kusanya sasa, na piga hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Tuta la mita 1 kwa mita 5, ukitaka unene wa sentimita 8, linataka lita 400, yaani ndoo 20 kubwa za nyasi. Na zikinyeshewa zinashuka, uwe na akiba. Ukitandaza kiasi cha kuficha udongo tu, magugu yatapenya. Nyasi zikatwe kabla hazijaweka mbegu. Majani makavu ya migomba ni mazuri, pumba za mpunga zinapeperuka penye upepo. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina la mmea, na kama mna mchwa, funua ukague mara kwa mara.

Jembe dogo lipigwe tupa likate. Siku ya kupalilia chagua yenye jua, anza umande ukikauka, magugu yaliyong'olewa yanyauke siku hiyo hiyo. Ukipalilia udongo umelowa na mvua nyingine inakuja, nusu yake yatashika tena.

Utaambiwa umwagie maji ya chumvi. Yanaua kweli, lakini udongo ule hautakupa mboga kwa muda mrefu, labda uyamwage kwenye nyufa za saruji nje ya geti.

Mgagani na mnavu vikijiotea vyenyewe kando ya uzio, mimi siviondoi, ni mboga ya bure. Navichuma tu vikiwa vichanga. Mgagani mmoja niliousahau nyuma ya tangi la maji uliachia maganda yake yakapasuka, na tangu hapo tuta la karoti lililo karibu nalipalilia mara mbili ya mengine.