Gari-nyumba Mlimani: Kupanda Bila Kuchemsha, Kushuka Bila Kuunguza Breki

Mandhari nzuri mara nyingi iko juu mlimani, na mlima ndio unaolichosha gari-nyumba. Injini inavuta vitanda, jiko, friji, mitungi ya gesi na matangi, halafu bado kuna watu na mizigo yao. Kwa hiyo unapopanga utakachokwenda kuona, panga hapo hapo na jinsi gari litakavyofika.

Anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa unapandisha kilo 100 bure. Siku ya mlima beba lita 20 au 30 tu, ujaze tena utakapolala. Pima urefu wa gari kutoka chini hadi juu kabisa, ukihesabu na kiyoyozi cha paani, uuandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi. Ukifika kwenye daraja la chini hutakuwa na muda wa kukumbuka. Kabla ya kuingia barabara nyembamba, tazama picha za setilaiti uone kama mwisho wake pana nafasi ya kugeuzia. Kama haionekani, liache gari chini umalizie kwa miguu, baiskeli au basi. Huo si uzembe, na mara nyingi utaona mengi zaidi kuliko dereva anayepigania kona.

Wakati wa kupanda, jicho lisitoke kwenye mshale wa joto. Mshale ukianza kupanda kuliko kawaida, zima kiyoyozi, rudi gia moja chini, kisha fungulia hita ya ndani hadi mwisho na feni yake kwa nguvu zote. Mtatoka jasho, lakini hita ni kama rejeta ndogo ya pili: inaipunguzia joto ile kubwa ya injini. Mshale ukishuka, endelea polepole. Ukigusa nyekundu, au ukiona mvuke, egesha mahali salama na uzime injini mara moja.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyomo yako chini ya shinikizo na yamepita nyuzi 100. Ukifungua tu, yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi. Kisha shika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa bado mgumu na wa moto, subiri tena. Ukilegea, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, ukizungushe kidogo kidogo, kisha ongeza maji taratibu. Maji baridi kwenye injini yenye moto yanaweza kupasua silinda hedi (kichwa cha injini). Halafu tafuta chanzo: mkanda uliolegea, mpira unaovuja, feni isiyozunguka, au rejeta iliyozibwa na majani na wadudu.

Mteremko ni hatari zaidi, maana hauna mshale wa kukuonya. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, ile ile ambayo ungepandia, uache injini izuie mwendo. Usiegemeze mguu kwenye breki njia nzima. Kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo kwa kiasi cha kilomita 10 kwa saa, achia zipoe. Harufu ya kuungua au pedeli inayozama inamaanisha breki zimepata moto. Simama mapema, acha gari kwenye gia, weka vizuizi kwenye magurudumu. Usizimwagie maji, diski zitapasuka. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu na huchemka mapema.

Tairi za gari-nyumba huzeeka kabla ya kuisha, kwa sababu gari hukaa limeegeshwa muda mrefu. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Zikizidi miaka sita, ziangaliwe na fundi hata kama zina kashata (meno ya tairi) nzuri. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. Kama gari halina spea (mengi hayana, hupewa dawa ya kuziba tu), jua kwamba dawa hiyo haisaidii ubavu uliochanika. Ukibadilisha gurudumu, legeza nati kabla ya kupiga jeki, weka ubao chini ya jeki, kaza nati kwa mkato wa msalaba, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50.

Asubuhi injini ikigoma kuwaka, pima betri ya injini, si ile ya nyumba. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 11.8 imekwisha. Ikiwa imejaa na bado kimya, safisha terminali kwanza: ukungu mweupe au wa kijani pale huzuia umeme usipite.

Ukifika juu, geuza gari kabla ya kushuka garini kwenda kutazama, pua ikielekea barabarani. Likigoma, fundi au gari la kuvuta litalifikia kwa urahisi.