Kupatanisha mdundo na miguu kwenye baiskeli ya mazoezi

Wengi wanaokuja darasani kwangu huchagua wimbo kwanza, halafu wanailazimisha miguu iufuate. Fanya kinyume.

Hatua ya 1: hesabu miguu. Kanyaga dakika tano bila muziki, kwa uzito wa pedali unaokuruhusu kuongea. Kisha hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi ndani ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 20, kasi yako ni mizunguko 80 kwa dakika.

Hatua ya 2: tafuta wimbo. Kila mzunguko una misukumo miwili, wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo mizunguko 80 inataka mapigo 160 kwa dakika. Wimbo wa mapigo 80 nao unaingia, ila pigo litakuwa la mguu mmoja tu, na nimeona mguu huo ukianza kubeba kazi yote huku mwili ukilalia upande. Amapiano nyingi zinacheza karibu na 112, yaani mizunguko 56: hizo ni za kupanda mlima, uzito ukiwa mkubwa. Singeli inavuka 200. Waachie wazoefu, tena kwa nusu dakika.

Hatua ya 3: weka pigo mahali pake. Mguu husukuma kwa nguvu zaidi krenki (mkono wa chuma unaoshika pedali) ikiwa imelala, pedali ikiwa mbele. Pigo liangukie hapo. Likiangukia chini kabisa, unakandamiza pedali ambayo haina pa kwenda.

Hatua ya 4: angalia nyonga. Zikirukaruka kwenye siti, wimbo umekuzidi. Ongeza uzito kidogo au badilisha wimbo, usijikaze.

Mpangilio wa nyimbo nao una uzito wake. Katika utafiti wa Waterhouse na wenzake wa mwaka 2010, vijana 12 waliendesha baiskeli wakisikiliza muziki uleule, mara umeharakishwa, mara umepunguzwa kasi, kwa asilimia 10. Ulipoharakishwa, nguvu ya miguu ilipanda asilimia 3.5, ulipopunguzwa, ilishuka 9.8. Ndiyo maana siweki wimbo wa pole katikati ya kipindi, hata darasa likiuomba.

Ukifika hatua ya kuhema bila kuweza kuongea, muziki hautakusahaulisha uchovu. Utumie kushika kasi tu.

Barabarani, vua spika za masikioni. Honi ya daladala lazima uisikie. Mdundo uhesabu kichwani.