Molasi ya ng'ombe: futa mfuniko kila asubuhi

Kama unaweka molasi (uji mzito mweusi unaobaki miwa ikitengenezwa sukari) kwenye pipa au dumu, fungua kila asubuhi, geuza mfuniko na uufute kwa kitambaa kikavu. Hapa Mwanza, hasa sisi wa karibu na ziwa, usiku ukipoa mvuke hugeuka matone ya maji chini ya mfuniko na kudondokea juu ya molasi. Nimeliona kwenye pipa langu huku Buswelu: katikati molasi nzito, nyeusi, lakini juu kuna utando mwepesi wenye vipovu vidogo kama vya pombe inayoanza kuiva. Molasi haiozi kirahisi kwa sababu sukari yake ni nyingi mno, vijidudu havipati maji ya kuishi. Ukiipa maji kidogo tu, hata ya kata iliyotoka kuoshwa, chachu inaamka. Kwa hiyo chota kwa kata kavu, na maji uongezee kwenye ndoo ya kulishia, kamwe si ndani ya pipa.

Harufu ya pombe au siki, povu linalorudi ukilitoa, dumu lililovimba (legeza kizibo polepole), yote ni dalili za kuchacha. Ukungu ukiota, mwaga. Usiukwangue ukawapa ng'ombe inayobaki. Chengachenga za sukari chini si uharibifu.

Kufuta mfuniko hakusaidii kama muuzaji ameshaichanganya na maji. Ijaribu dukani: molasi nzuri hushuka kutoka kwenye kijiko kama uzi mnene usiokatika.