Jinsi ya kusoma kalenda ya picha ya Wasioux

Ukikutana na picha ya ngozi ya nyati wa Marekani imejaa vichoro vidogo vidogo vimezunguka kama gamba la konokono, usidhani ni urembo tu, hiyo ni hesabu ya miaka. Walakota, tawi mojawapo la Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani Kaskazini, wanaiita waniyetu wowapi, na waniyetu ni msimu wa baridi ila ndo mwaka wenyewe pia, unaanza theluji ya kwanza ikianguka mpaka theluji ya kwanza ya msimu unaofuata, kwa hiyo mwaka mmoja wao unagusa miwili ya kwetu. Ukiona mtu kaandika 1833–34 hajakosea.

Chukua ile ya Lone Dog, mtunzaji wa kalenda, huyu alikuwa Myanktonai, tawi lingine la Wasioux (Wasioux wenyewe wanajiita Oceti Sakowin, yaani mioto saba, hilo jina lingine walibandikwa na watu wa nje). Ina picha 71. Anzia katikati ufuate mzunguko kwenda nje. Ya kwanza ni vistari vyeusi 30, ni Wadakota 30 (nao ni Wasioux) waliouawa na Wacrow, kabila jingine. Ya pili mtu kajaa madoa mekundu mwili mzima, ndui hiyo.

Kila picha ni tukio moja tu. Mtunzaji alikaa na wazee wakakubaliana tukio gani litabeba mwaka, na si lazima liwe kubwa kuliko yote, bora liwe lile ambalo ukilitaja kila mtu anajua unaongelea mwaka gani. Stori yenyewe ilikuwa mdomoni kwa mtunzaji, picha ilimkumbusha tu.

Sasa kupata miaka, tafuta nyota. Novemba 1833 vimondo vilimwagika angani usiku, na kalenda nyingi za Walakota zimeuweka huo usiku. Kwa Lone Dog ni mwezi mweusi na nyota nyekundu, picha ya 34. Halafu sogea mpaka jua jeusi, kupatwa kwa jua kwa Agosti 1869, hiyo ni ya 70. Kutoka nyota mpaka jua ni hatua 36, ukipata 35 ujue umeruka moja mahali, rudi uhesabu kwa kidole (mi niliruka mara mbili).

Kalenda nyingine usitegemee zifanane na hii, kila kundi lilikuwa na yake, na nyati walipoisha wakahamia kwenye vitambaa na madaftari, kwa hiyo hata ukikuta imechorwa kwenye karatasi ya mistari anza vilevile, tafuta zile nyota.